Usiku Hutangulia Mchana

Ipo sifa moja ambayo hutolewa kwa wingi katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, nayo haijapata kuitwa barazani ijieleze. Ni sifa ya kukesha. Mwanafunzi atokaye maktabani alfajiri, macho mekundu na kinywa kikavu, huhesabiwa miongoni mwa mashujaa. Yule aliyelala saa 4 za usiku na kuamka saa 11 za alfajiri huonwa kuwa hana haja na shahada. Mwalimu akitaka kuwatia vijana bidii huwahadithia jinsi yeye alivyosoma bila kulala. Mzazi hujisifu kwa jirani kwamba taa ya chumba cha mwanawe haizimwi. Hivyo kukosa usingizi kumekuwa alama ya akili, na kulala kumefanywa ndugu wa uvivu.

Sifa hiyo ni ya uongo. Haimjengi mwanachuoni, bali humbomoa. Wala haimbomoi katika mwili tu, bali katika vitu viwili ambavyo chuo kikuu kimewekwa ili kuvikuza, yaani kumbukumbu na busara. Kibaya zaidi, sifa hiyo hujivika kanzu ya mila na kujifanya kuwa ndiyo bidii ya wazee, hali lugha ya wazee hao yenyewe inaikanusha.

Katika hesabu ya zamani ya Waswahili, siku haianzi katikati ya usiku, wala haianzi jua linapochomoza. Huanza jua linapotua. Usiku wa Ijumaa katika hesabu hiyo ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao kalenda ya ofisini huuita Alhamisi usiku. Tofauti hii si ya majina tu. Kwa kalenda ya ofisini usiku ni mkia wa siku: ni makombo yaliyobaki baada ya kazi, na mwenye kazi nyingi hujiona ana ruhusa ya kuyamaliza. Kwa hesabu ya Waswahili usiku ni kichwa cha siku: ni mtaji ambao mchana huufanyia biashara. Mtu anayekesha hudhani kwamba ameiongezea jana saa chache. Kwa hesabu ya wazee amekula mtaji wa leo kabla ya duka kufunguliwa.

Lugha yashuhudia jambo hili kwa njia nyingine pia. Neno maamkizi limetokana na kuamka. Kumwamkia mtu ni kumwendea katika kuamka kwake, na swali la kwanza la asubuhi, kabla ya habari za kazi na za safari, ni habari za kulala. Umelalaje? Umeamkaje? Walioiweka desturi hiyo hawakuuliza mwenzao alifanya kazi kiasi gani gizani. Waliuliza kama alilala, maana jibu la swali hilo hubeba habari ya mwili wake, ya moyo wake na ya nyumba yake. Siku hizi swali limebaki mdomoni kama ganda lisilo na kokwa. Mwanafunzi huulizwa habari za kulala akajibu kuwa ni njema, naye hakulala. Na aliyeuliza amekwisha kupita.

Walakini desturi peke yake si ushahidi wa kutosha. Desturi nyingi zilisifiwa kwa miaka mingi zikaja zikaonekana kuwa na madhara. Basi na usikilizwe ushahidi wa wale waliolipima jambo hili kwa mizani ya elimu.

Katika mwaka wa 1924, Jenkins na Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani waliwapa wanafunzi wawili orodha za silabi 10 zisizo na maana ili wazikariri. Mara nyingine wanafunzi hao walilala baada ya kukariri. Mara nyingine walikaa macho wakaendelea na shughuli zao. Saa 8 zilipopita, walikumbuka zaidi ya nusu ya silabi ikiwa walikuwa wamelala, na kama moja tu katika kumi ikiwa walikuwa macho. Tangu siku hizo elimu ya ubongo imeeleza sehemu ya sababu. Mambo ambayo mtu hujifunza mchana hupokewa kwanza na sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo iitwayo hipokampasi. Hiyo ni kama kapu la sokoni: hupokea upesi, lakini haliwezi kuwa ghala. Katika usingizi mzito mambo hayo hupitiwa tena na tena, na kidogo kidogo huhamishiwa katika gamba la ubongo, ambako hudumu. Asiyelala amelijaza kapu na hakulimimina ghalani. Asubuhi akizidisha kutia, humwagika.

Watetezi wa kukesha hujibu kwamba mtihani ni wa siku moja, na kwa siku moja kapu latosha. Jibu hili lina ujanja, lakini halina nguvu. Katika mwaka wa 2019 ulichapishwa uchunguzi wa chuo cha MIT nchini Marekani, ambapo usingizi wa wanafunzi wapatao 100 wa darasa moja la kemia ulipimwa muhula mzima. Waliolala muda mrefu zaidi, kwa usingizi bora zaidi na kwa saa zisizobadilika ovyo, ndio waliopata alama za juu. Na tofauti za usingizi zilifuatana na karibu robo ya tofauti za alama. Lakini usingizi wa usiku mmoja wa kuamkia mtihani haukuonekana kuwa na uhusiano wowote na alama. Ni kweli kwamba uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi peke yake lipi ni sababu na lipi ni matokeo. Hata hivyo, ukiwekwa pamoja na majaribio kama lile la 1924, funzo lake si gumu kusomeka. Usingizi wa mwanafunzi ni akiba ya haba na haba. Haujazwi kwa usiku mmoja wa hofu, kama vile kibaba hakijazwi kwa punje moja kubwa.

Wazee walisema kwamba usiku wa deni haukawii kucha. Methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya mdaiwa wa fedha, lakini yamfaa zaidi mdaiwa wa usingizi, kwa kuwa deni lake lina hila ambayo deni la fedha halina: mwenyewe halioni. Katika mwaka wa 2003 Van Dongen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitoa matokeo ya jaribio la watu 48. Baadhi yao waliruhusiwa kulala saa 6 au saa 4 tu kwa usiku, kwa muda wa siku 14. Mwishoni uwezo wao wa kuwa makini na kufikiri ulikuwa umeshuka kufikia ule wa watu wasiolala kabisa kwa siku moja hadi mbili. Jambo la kutisha si kushuka huko, bali ni kwamba wenyewe hawakukuhisi kwa kadiri yake. Walijiona wamezoea. Basi mwanafunzi asemaye kwamba saa 4 zamtosha hana haki ya kuwa shahidi katika kesi hii, maana chombo anachotumia kujipima ndicho kilichoharibika.

Wala hasara hiyo si ndogo. Dawson na Reid walionyesha nchini Australia mwaka wa 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi ya macho na mikono kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, na akifikisha saa 24 hulingana na mwenye asilimia kama 0.10. Mwanafunzi aliyeingia katika chumba cha mtihani amelewa angetolewa, na habari yake ingefika kwa wazazi. Aliyekesha huingia katika hali kama hiyo, naye hupongezwa na kuombewa dua.

Wengine hutumaini kahawa, au vinywaji vya kopo viitwavyo vya nguvu. Kadiri mtu anavyokaa macho, ndani ya ubongo hukusanyika kitu kiitwacho adenosini, nacho ndicho humletea uzito wa usingizi. Kafeini hukaa mahali ambapo adenosini ingekaa, ikaizuia isisikike. Hailipi deni, humfungia mlango mdai, naye hubaki barazani akingoja. Tena kafeini haiondoki upesi. Nusu yake huweza kubaki mwilini baada ya saa 5 hivi, kwa hiyo kikombe cha jioni huendelea kubisha hodi kichwani usiku wa manane.

Hayo ni ya akili. Ya moyo ni makubwa zaidi, nayo ndiyo husahauliwa. Katika mwaka wa 2007 Yoo, Walker na wenzao walichapisha uchunguzi wa watu 26, ambao baadhi yao walikaa macho saa zipatazo 35. Wote walionyeshwa picha zilizozidi kuchukiza moja baada ya nyingine, huku ubongo wao ukipimwa. Katika wasiolala, sehemu iitwayo amigdala, ambayo hushughulika na hofu na hasira, ilishtuka zaidi kwa kadiri ya asilimia 60 kuliko katika waliolala. Pia mawasiliano yake na sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hupima na kuzuia, yalikuwa yamelegea. Kwa lugha ya mpanda farasi, farasi amepandwa na wazimu wakati uleule ambao hatamu zimekatika.

Aliyekaa na vijana katika mabweni wakati wa mitihani hahitaji mashine kuyaona hayo. Neno dogo la rafiki hugeuka tusi. Alama moja mbaya huonekana kuwa mwisho wa maisha. Uchumba wa miaka 2 huvunjika kwa sababu ya ujumbe uliochelewa kujibiwa. Kisha husemwa kwamba vijana wa siku hizi ni wepesi wa kuvunjika moyo, na mwenye majonzi huambiwa ajikaze. Ushauri huo una sura ya ushujaa, lakini humtaka mtu akaze hatamu ambazo jamii yake imezikata na kumpongeza kwa kukatika kwake. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka wa 2011 ulikuta kwamba watu wasio na sonona, lakini wenye ugonjwa wa kukosa usingizi, wana hatari ipatayo mara mbili ya kupatwa na sonona baadaye. Anayeuchezea usingizi wa vijana anachezea mlango ambao huzuni huingilia.

Hapa yafaa kutenga watu wawili ambao hufungwa katika kifurushi kimoja. Yupo akataaye kulala, na yupo asiyeweza kulala. Wa kwanza amedanganywa, na adanganywaye huambiwa ukweli. Wa pili ni mgonjwa, na mgonjwa hakemewi. Anayegaagaa kitandani usiku baada ya usiku kwa mawazo asiambiwe kwamba hana nidhamu. Aelekezwe kwa daktari au mshauri. Ipo tiba ya mazungumzo na ya kurekebisha mazoea ya kulala, ambayo Chuo cha Madaktari wa Marekani kilipendekeza mwaka wa 2016 kwamba itangulie vidonge.

Sasa zije hoja za upande wa pili, maana hazikosi uzito.

Husemwa kwamba Waswahili wamekesha tangu kale: katika ibada, katika arusi, katika msiba. Ni kweli. Lakini mikesha hiyo ina mipaka inayojulikana. Huja kwa sababu yake, hukusanya watu, kisha hupita. Na aliyekesha arusini hapati lawama akilala mchana wa pili. Tena katika msiba kitenzi ambacho Waswahili hutumia ni kulala. Ndugu na majirani huenda kulala matanga. Kumliwaza mfiwa ni kumpa watu wa kulala pamoja naye chini ya dari moja, ili usiku usimkute peke yake. Mkesha wa chuoni ni kinyume cha hayo yote. Hauna sikukuu wala mwisho, na kila mmoja huukesha peke yake mbele ya kioo chenye mwanga.

Hoja ya pili ni ya kisomi zaidi. Husemwa kwamba mwaka wa 2015 watafiti waliwapima Wahadzabe wa Tanzania pamoja na jamii nyingine 2, Wasan wa kusini mwa Afrika na Watsimane wa Bolivia, wakaona kwamba watu hao wasio na umeme hulala kwa wastani saa 5.7 hadi 7.1 tu. Basi kelele za nini? Hoja hii huinukuu nusu ya habari na kuiacha nusu. Watu hao walitumia saa 6.9 hadi 8.5 katika kulala na kujaribu kulala. Saa yao ya kuamka haikuyumba sana. Na ugonjwa wa kukosa usingizi ulikuwa nadra kwao, hata ikaelezwa kwamba Wasan na Watsimane hawana neno la kuutaja. Hawakuwa wakikesha; walikuwa wakilala kwa utaratibu. Asomaye habari yao kama ruhusa ya kulala saa 3 amesoma tarakimu na kuacha maisha.

Tena kwa Wahadzabe kuna funzo jingine. Uchunguzi wa 2017 uliwafuata watu wazima 33 kwa siku 20, ukaona kwamba dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa wakati mmoja zilikuwa 18 tu. Daima alikuwapo mmoja au zaidi aliye macho au katika usingizi mwepesi, na mwenye kuwa macho huwa mlinzi wa wengine bila kupangiwa zamu. Ndivyo ilivyo haki ya kukesha popote palipo na askari, muuguzi au mvuvi wa usiku: mmoja hukaa macho ili wengi walale. Chuo ambacho wote hukesha hakina mlinzi. Kina majeruhi tu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Husemwa kwamba usingizi ni anasa ya mwenye nafasi. Yupo mwanafunzi anayelala na mwenzake katika kitanda cha mtu mmoja, jambo ambalo wanafunzi wenyewe huliita kubebana. Yupo anayefanya kazi jioni ili apeleke fedha nyumbani. Yupo ambaye chumba chake kipo juu ya ukumbi wa muziki. Kumwambia huyo alale saa 8 ni kumdhihaki. Hoja hii ni ya haki. Lakini haimtetei anayesifu kukesha, bali humshitaki. Ikiwa usingizi ni chakula cha ubongo, basi kumnyima mwanafunzi mahali pa kulala ni sawa na kumnyima mlo, na chuo hakiwezi kuita njaa hiyo kwa jina la bidii. Sifa ya kukesha ndiyo pazia ambalo ubahili wa wakubwa hujificha nyuma yake.

Basi wezi wa usingizi watajwe kwa matendo yao. Wapo walimu wapangao kwamba kazi ipokelewe mwisho saa 6 za usiku, kana kwamba saa 12 za jioni haipo katika saa zao. Zipo ratiba zinazorundika mitihani mitatu katika siku mbili, na kuacha wiki nzima tupu. Yapo makampuni ya simu yauzayo vifurushi vya intaneti kwa bei nafuu kwa sharti kwamba vitumike usiku wa manane. Yaani maskini huuziwa elimu kwa bei ndogo na kulipa kilichobaki kwa ubongo wake. Vipo vipaza sauti, vya starehe na vya mengineyo, ambavyo hakuna mkuu wa mabweni anayethubutu kuvizima. Na yupo mwanafunzi mwenyewe, ambaye akimaliza kitabu saa 5 huishika simu akaiweka saa 8, kisha asubuhi huhesabu saa hizo zote kuwa ni za kusoma.

Dawa zake si ghali. Kazi za wanafunzi zipokelewe jioni. Mitihani itawanywe. Mabweni yawe na saa ya kimya, nayo ilindwe kama mali ya chuo inavyolindwa. Vitabu na mihadhara iliyorekodiwa ipatikane mchana bila malipo katika mitambo ya chuo, ili asiye na fedha asilazimike kusoma saa ambayo kampuni imeamua kumhurumia. Kusoma kugawanywe katika siku nyingi, maana bandu bandu huisha gogo, na gogo la muhula halikatwi kwa usiku mmoja. Zaidi ya hayo yote, mwalimu aache kumsifu aliyekesha. Sifa ya mwalimu ni fedha inayopokewa katika kila chumba cha bweni, na fedha bandia huharibu soko zima.

Itasemwa kwamba haya ni madogo mbele ya ada, ajira na siasa. Lakini taifa huviamini vyuo vyake kwa kumbukumbu na hukumu za watu: daktari atakayesoma kipimo cha dawa, hakimu atakayepima ushahidi, mwalimu atakayeshika kiboko au kukiweka chini. Watu hao sasa wamo madarasani, nao wanafundishwa kwamba kichwa kilichochoka ndicho kichwa chenye heshima. Wakihitimu hawataliacha somo hilo chuoni. Watalichukua mpaka hospitalini na mahakamani, na watakaolipa deni lao ni wale ambao hawakukopa.

Siku huanza kwa usiku. Anayetaka mchana mwema wa wanafunzi wake na aanzie hapo. Na atakapowauliza asubuhi habari za kulala, asimame kidogo asikie jibu.